Nati ya Paipu ya Chini

Machi bado haijaiachia theluji hapa Hancock.
Barabarani wanamwaga chumvi, na chumvi haina adabu:
imekula bampa, imekula sakafu ya pikapu,
mwishowe ikazitoboa paipu mbili nyembamba
zinazopeleka mafuta ya giaboksi kwenye rejeta.

Paipu mpya nimenunua kwa Pelkonen, dola arobaini na tisa,
zimekunjwa kiwandani, kila kona mahali pake.
Akaniapia: zitaingia zenyewe.

Zenyewe!
Tangu saa nne niko chali juu ya kadibodi,
tochi nimeiuma kwa meno,
mate yananichuruzika hadi shingoni,
na nati inanigomea.

Wala si nati kubwa. Haifiki ncha ya kidole gumba.
Naiweka, inazunguka nusu, inakwama.
Naitoa, naifuta, naisemesha.
Nusu tena. Inakwama.
Ukiilazimisha kwa spana itakubali,
na kukubali kwake ndiko kutakakokuliza:
hesi imepanda juu ya hesi,
shaba ya watu imechanika kama mkate,
na rejeta nyingine ni mshahara wa wiki mbili.

Nikampigia Armas.

Hatujaongea tangu Oktoba,
tangu kwa wakili kule Houghton,
tulipogawana vitu vya baba hadi vijiko,
naye akaondoka na sanduku la spana
na mimi na hili gari, kila mtu
akiamini mwenzake ndiye aliyepata.

Alikuja. Buti zimejaa theluji. Habari hakuniuliza.
Akajisukuma chini kutokea upande wa gurudumu la kulia,
tukawa vichwa vinakaribia kugusana,
injini juu yetu, baridi ya sakafu mgongoni.

"Inua."
"Nimeinua."
"Sivyo. Ivute kwako."
"Kwangu ni wapi?"
"Kwako, Lempi. Unapolala."

Paipu ikasogea upana wa ukucha.
Nikashika nati, nikaanza tena,
akanizuia mkono kwa kiwiko.
"Usiifunge. Ifungue kwanza.
Zungusha kinyume, taratibu, kama unayeitoa,
mpaka uisikie inadondoka."
Inadondoka wapi, nilitaka kumuuliza,
lakini ameshika breki na paipu za mabasi ya shule
miaka kumi na tisa. Nikaizungusha kinyume.

Tochi nikaitema. Gizani vidole husikia vizuri zaidi.
Duara moja, hakuna kitu.
Kisha, ndani kabisa ya shaba,
tik.
Kadogo hako, kama jino la mtoto kwenye sahani.
"Hapo," akasema. Naye alikuwa ameisikia kwenye paipu.

Hapo nikageuza. Ikaingia.
Duara mbili, tatu, nne, kwa vidole vitupu,
laini kama kifuniko cha mtungi wa asali,
nami nikacheka peke yangu chini ya gari
kama mwehu, naye hakucheka,
ila paipu hakuiachia.

Robo duara kwa spana, kisha robo nyingine.
Mafuta mekundu. Injini ikaunguruma.
Tulichutama tukiangalia maungio yale
kama watu wanaosubiri maziwa yachemke.

Kahawa hakunywa. Mlangoni akasema:
"Lala umeweka kadibodi safi chini. Kadibodi haijui kukufariji."
Taa zake zikapotea nyuma ya kilima cha theluji.

Ndipo nilipoiona juu ya fremu ya rejeta:
spana namba kumi na sita,
R.H. imekwaruzwa kwa msumari, mwandiko wa baba.
Ameisahau. Au hakuisahau.
Sikumpigia kuuliza.

Asubuhi, kabla ya kuvaa soksi, nilikwenda na taa.
Kwenye kadibodi kuna tone moja,
jekundu, dogo kuliko dengu.
Huenda ni la jana, lilibaki kwenye mkunjo.
Nimelizungushia penseli, nikaandika tarehe.
Kesho nitalitazama tena.